Ndoto Mbaya kwa Anayeishi na Sonona: Jinsi ya Kuzipunguza

Habari za sonona na kukosa usingizi husemwa sana. Kinachosemwa kwa nadra ni habari za mtu anayelala saa zote anazotakiwa kulala, kisha akaamka amechoka kuliko alivyolala, kwa sababu usiku kucha alikuwa akikimbizwa, akizikwa, akiachwa na gari la mwisho au akipitwa na ndugu zake kana kwamba hawamwoni. Ndoto za namna hii ni sehemu ya ugonjwa kwa watu wengi, na zinatibika. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu mzima ambaye tayari anajua kwamba ana sonona, awe anatumia dawa au hatumii, na msimamo wake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza ndoto mbaya hufanywa mchana, wakati akili imetulia, kwa sababu saa tisa ya usiku, moyo ukiwa unakwenda mbio, hakuna mtu anayeweza kujifunza jambo jipya.

Kwa nini zinakuja

Usingizi wa usiku huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Kuelekea mwisho wa kila mzunguko huja hatua ambayo macho huchezacheza chini ya kope, ubongo hufanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho, na misuli ya mwili hulegea kabisa. Ndoto ndefu zenye kisa huotwa zaidi katika hatua hiyo. Mwanzoni mwa usiku hatua hiyo ni fupi, lakini hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia, ndiyo maana watu wengi hushtuka kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Kwa wengi wenye sonona hatua ya ndoto huanza mapema kuliko kawaida, na juu ya hayo ugonjwa wenyewe una tabia ya kumwamsha mtu kabla ya kukucha na kumnyima usingizi uliobaki. Matokeo yake ni kwamba anaamka katikati ya ndoto akiikumbuka yote, wakati ambapo mtu mwingine angeendelea kulala na asubuhi asikumbuke kitu.

Kuhusu yale yanayoonekana ndotoni, kuna kisa cha kitabibu kinachofaa kujulikana. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, nchini Marekani, alianza katika miaka ya 1950 kuchunguza ndoto za wagonjwa wa sonona akitarajia kukuta hasira iliyofichika, kama nadharia za wakati huo zilivyodai. Alichokuta ni kushindwa, kukataliwa, kupoteza na kunyimwa, yaani mambo yaleyale ambayo wagonjwa wake walikuwa wakijisemea mchana. Uchunguzi huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyompeleka kwenye tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra, ambayo leo hutumika katika nchi nyingi. Kwa hiyo ukiota umeshindwa, usiihesabu ndoto hiyo kuwa ushahidi mpya kwamba umeshindwa kweli. Ni wazo lilelile la mchana, limerudi likiwa na sura na sauti.

Kinachozidisha ndoto mara nyingi ni hofu ya kuziota. Mtu huchelewa kulala makusudi, hukesha na simu, husinzia mchana sebuleni, na baada ya siku chache za kujinyima usingizi mwili hulipiza kwa kuongeza muda wa hatua ya ndoto, zikarudi nyingi na kali kuliko mwanzo. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kuamua ni saa ya kuamka. Ichague, uifuate kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, toka nje kwenye mwanga wa asubuhi, na usilale mchana kwa zaidi ya nusu saa. Saa ya kwenda kulala itajirekebisha taratibu yenyewe.

Si kila kinachotisha usiku ni ndoto mbaya. Kukabwa na jinamizi, ambako mtu anafungua macho, anaona chumba chake, lakini hawezi kuinua hata kidole na anahisi uzito kifuani au kiumbe kando ya kitanda, hutokea akili inapoamka kabla misuli haijatoka katika ule ulegevu wa hatua ya ndoto. Hofu iliyoenea Pemba na kisha Unguja mwaka 1995 kuhusu popobawa, kiumbe anayesemekana kuwavamia watu usiku, imehusishwa na watafiti kadhaa na hali hii. Hupita ndani ya dakika chache, na huwapata zaidi watu waliokosa usingizi na wanaolala chali. Wengi hupata nafuu kwa kulala ubavu tu.

Dakika za kwanza baada ya kushtuka

Unapoamka na moyo unadunda, mwili haujajua bado kwamba hatari imekwisha, na kuuambia kwa maneno hakusaidii sana. Uoneshe. Kaa kitako, weka nyayo zote mbili sakafuni mpaka uhisi ubaridi wa saruji, shika ukingo wa chandarua, kisha taja kwa sauti ya chini mahali ulipo, siku ya leo na vitu vitano unavyoviona au kuvigusa: ukuta, ndoo, kanga, mlango, mto. Pumua ukiirefusha pumzi ya kutoka kuliko ya kuingia. Kunywa maji, nawa uso, washa taa hafifu. Simu iache ilipo, kwa kuwa mwanga wake na habari zake vitakuamsha zaidi.

Ukiona baada ya kama dakika 20 kwamba usingizi hauji, ondoka kitandani. Anayeishi chumba kimoja na familia hana sebule ya kukimbilia, lakini kigoda kilichowekwa kona ya chumba kinatosha, pamoja na jambo la mikono lisilo na haraka, kama kukunja nguo, kusuka ukili au kuvuta tasbihi. Rudi kitandani usingizi ukikushika. Kama unalala na mwenzi au na watoto, zungumzeni mchana juu ya namna ya kukuamsha wakikusikia unalalama: wakuite jina kwa upole, wasikutikise wala wasikuwashie taa kali usoni, na wasianze kukuhoji uliota nini.

Kuna kanuni moja ya saa hizo ambayo ningependa ishikwe kuliko zote: usifanye uamuzi wowote kabla jua halijachomoza. Ndoa, kazi, madeni, na swali la kama maisha yana maana, yote huonekana mabaya zaidi saa kumi alfajiri kwa mtu mwenye sonona, na mengi ya hayo hupungua uzito baada ya chai ya asubuhi bila chochote kuwa kimebadilika.

Msomaji Mwislamu atakuwa amefundishwa kwamba aliyeota ndoto mbaya ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shari yake, ateme kidogo upande wa kushoto mara tatu, ageukie ubavu mwingine, asimsimulie mtu, na akitaka ainuke aswali. Ukitazama kwa jicho la tiba, kugeuka, kuinuka, kutia udhu kwa maji ya baridi na kuushughulisha ulimi na maneno unayoyajua vizuri ni karibu yaleyale niliyoyaeleza hapo juu, na anayeyafanya asiache. Anayesita kumweleza daktari kwa sababu ya katazo la kusimulia anaweza kuieleza hali bila kukisimulia kisa: “Naota ndoto mbaya mara tatu kwa wiki, naamka natetemeka na silali tena” ni maelezo yanayotosha kuanzia. Mkristo naye anayesoma Zaburi kabla ya kulala anafanya jambo jema kwa moyo wake na kwa usingizi wake pia. Tatizo huanza pale mtu anapoambiwa kwamba kuota unalishwa nyama usiku ni dalili ya kurogwa, kwamba jirani fulani ndiye anayemlisha, na kwamba aache vidonge ili maombezi yafanye kazi. Maombi na dawa havigombani, na yeyote anayekuamuru uache dawa za sonona ghafla anakuweka hatarini, awe na cheo gani.

Kuiandika ndoto upya

Mbinu yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine kwa ndoto mbaya zinazojirudia ni ya kuibadilisha ndoto kwa makusudi ukiwa macho, kisha kuirudia kichwani kila siku ile iliyobadilishwa. Daktari Barry Krakow na wenzake waliijaribu nchini Marekani kwa wanawake 168 walionusurika na ukatili wa kingono, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionesha kwamba ndoto mbaya zilipungua na usingizi ukawa bora kwa waliofundishwa mbinu hiyo kuliko kwa wale waliokuwa bado wakisubiri zamu yao. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kiliitaja kuwa tiba inayopendekezwa kwa watu wenye ndoto mbaya za mara kwa mara. Haihitaji mashine wala fedha. Inahitaji daftari, kalamu, na muda usiosumbuliwa wakati wa mchana, mbali na kitanda na mbali na saa ya kulala.

Anza na ndoto inayokusumbua kiasi, wala usianze na ile mbaya kuliko zote, hasa kama hiyo inarudia tukio lililokupata kweli. Iandike kwa ufupi, kwa wakati uliopo, kana kwamba inatokea sasa. Tuchukue mfano wa ndoto ya msiba, ambayo wengi wataitambua:

“Naingia uani kwetu. Turubai limefungwa na wanawake wamekaa kwenye mikeka. Nauliza nani amefariki, hakuna anayenijibu wala anayeinua uso. Naona viatu vyangu mlangoni, vimepangwa pamoja na vya watu waliomo ndani, na mimi nimesimama nje, peku.”

Sasa chagua mahali popote uibadilishe utakavyo. Hakuna anayekupangia kibadilike nini, na ndoto mpya hailazimiki kuwa na furaha wala kuwa na mantiki. Mwenye ndoto hii anaweza kuandika hivi:

“Naingia uani kwetu. Turubai limefungwa na wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanachambua mchele. Nauliza kuna nini. Shangazi anainua uso, anasema, ‘Ulikuwa wapi wewe? Njoo ukae,’ kisha anasogea. Mkeka una joto pale alipokuwa amekaa. Nachukua ungo, naanza kuchambua. Harufu ya hiliki inatoka jikoni.”

Tazama kwamba turubai halijaondolewa na shughuli haijageuzwa kuwa harusi. Kilichobadilika ni kwamba mwenye ndoto ameonekana, ameitwa na amepewa kazi ya mikono, na mambo hayo matatu ndiyo ambayo sonona ilikuwa imemnyima. Tazama pia joto la mkeka na harufu ya hiliki. Mambo ya kuhisiwa kwa ngozi na pua hukaa akilini kuliko sentensi nzuri za kujipa moyo, kwa hiyo yatie mawili matatu katika ndoto yako mpya.

Kisha funga ukurasa wa ndoto ile ya kwanza, usiirudie tena. Kila siku kwa dakika 10 hadi 20, kaa mahali patulivu, fumba macho, uitazame ndoto mpya kuanzia mwanzo hadi mwisho, polepole. Ishughulikie ndoto moja kwa siku kadhaa kabla ya kugusa nyingine. Anayeogopa kuiandika ya zamani, au anayeona vibaya kuiandika kwa sababu za dini, anaweza kuiruka na kuandika mpya peke yake. Mbinu bado hufanya kazi. Wengi huanza kuona tofauti baada ya wiki chache, na tofauti hiyo mara nyingi haiji kwa kuota ile hadithi mpya kama ilivyoandikwa: ndoto ya zamani huanza kuja kwa nadra, au hukatika kabla ya sehemu mbaya, au huja lakini mtu akaamka bila kutetemeka.

Sonona huweka kikwazo chake hapa, na ni heri ukijue mapema. Ugonjwa huu hukausha uwezo wa kuwaza jambo zuri, na mtu hukaa mbele ya daftari akisema, “Hata nikiandika, siamini.” Huhitaji kuamini, unatakiwa kuiona tu, kama unavyoweza kuiona ramani ya mji usiotarajia kufika. Na kama hakuna kinachokuja, badilisha kitu kidogo kabisa: ongeza mlango katika ukuta, badilisha usiku uwe saa nne asubuhi, mpe yule anayekukimbiza ndala zilizokatika. Kichekesho kinaruhusiwa, na wakati mwingine hushinda kila kitu.

Usiifanye mbinu hii peke yako kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kama umefanyiwa ukatili hivi karibuni, au kama ukiianza unaona hofu inapanda badala ya kushuka siku baada ya siku. Iache, na uifanye pamoja na mshauri nasaha au mtaalamu wa saikolojia.

Dawa na vinywaji

Kabla ya kuilaumu akili, angalia unachomeza. Baadhi ya dawa za sonona zenyewe huongeza ndoto kali, fluoksetini ikiwa mojawapo, na kwa kuwa huchangamsha, madaktari wengi huagiza imezwe asubuhi. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona ambayo humezwa usiku, hupunguza hatua ya ndoto. Anayeikatisha ghafla, labda kwa sababu imeisha na hana nauli ya kurudi kliniki, huweza kuandamwa na ndoto kwa mfululizo kana kwamba zilikuwa zikingoja. Propranololi inayotolewa kwa presha na kwa kipandauso inajulikana kuleta ndoto mbaya, vivyo hivyo meflokwini ya malaria na efavirenzi ya VVU, ambayo katika nchi zetu nafasi yake imechukuliwa kwa kiasi kikubwa na dolutegraviri, ingawa hiyo nayo huweza kuvuruga usingizi wa baadhi ya watu. Usiache wala kupunguza chochote kati ya hizi kwa uamuzi wako. Mara nyingi daktari hubadilisha tu saa ya kumeza au kipimo, na jambo linakwisha. Vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa duka la dawa bila cheti, diazepamu kwa mfano, havitibu ndoto, na vina mtego wa kumfanya mtu ashindwe kulala bila hivyo.

Pombe hudanganya. Humlaza mtu haraka na kuzuia ndoto nusu ya kwanza ya usiku, kisha inapoisha mwilini ndoto hurudi kwa wingi nusu ya pili, na kesho yake sonona imeongezeka. Miraa na bangi huleta ndoto kali hasa mtu anapoacha, kwa hiyo anayeacha ajue hali hiyo ni ya muda na asirudie kwa kuogopa. Kuhusu kahawa chungu ya barazani jioni, najua naingilia mambo ya watu, lakini nusu ya kichangamshi chake huwa bado iko mwilini saa tano hivi baada ya kuinywa. Kaa barazani, kula kashata, kahawa inywe kabla ya saa nane mchana.

Na kama wanaokusikia wanasema unakoroma kwa nguvu, unakata pumzi kisha unashtuka ukitweta, mwambie daktari. Hilo ni tatizo la njia ya hewa na lina matibabu yake.

Ndoto zinapofuatana na mawazo ya kufa

Utafiti mkubwa wa Finland uliochapishwa mwaka 2001, uliofuatilia watu wazima zaidi ya 36,000, ulikuta kwamba waliokuwa na ndoto mbaya mara kwa mara walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kujiua kuliko wasiokuwa nazo. Ndoto haimuui mtu, wala haimwagizi. Lakini ndoto mbaya zinapoongezeka ni ishara kwamba ugonjwa unazidi, na haifai kuipuuza. Chukua hatua siku hiyohiyo kama umeanza kuona kifo ndotoni kuwa mapumziko badala ya kitisho, kama wazo hilo linakufuata mchana, au kama umeanza kufikiria njia. Mwambie mtu mmoja kwa maneno ya wazi, usizunguke. Mkabidhi dawa zako azitunze na akupe dozi ya siku moja moja, sumu za shambani na za panya ziondoke nyumbani, na usilale peke yako usiku huo.

Kituo chochote cha afya chenye huduma ya dharura ni pa kuanzia. Hospitali zenye wataalamu wa afya ya akili ni pamoja na Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe mjini Dodoma, Bugando jijini Mwanza, KCMC mjini Moshi, Kidongo Chekundu mjini Unguja, Mathari jijini Nairobi, Butabika jijini Kampala na Ndera jijini Kigali. Aliye Kenya anaweza pia kupiga 1199, simu ya ushauri ya Msalaba Mwekundu isiyo na malipo. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa sheria. Kuwa na mawazo ya kufa na kuyasema kwa mhudumu wa afya si kosa, na nchini Kenya Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba hata kifungu kilichokuwa kikiadhibu jaribio la kujiua kinakwenda kinyume cha Katiba.

Ukienda kliniki

Katika chumba cha daktari swali la kawaida ni “Unalala?”, na anayeota vibaya hujibu kwa ukweli kabisa kwamba analala, na mazungumzo yakaishia hapo. Taja ndoto mwenyewe, mapema, kabla hujaanza kueleza maumivu ya kichwa na ya mgongo. Nenda na karatasi yenye kumbukumbu za wiki mbili: usiku zilipotokea, saa uliyoamka, kama ulilala tena, na ulichomeza au kunywa jioni hiyo. Chukua dawa zako zote na pakiti zake, za presha na za uzazi wa mpango zikiwemo, pamoja na zile za mitishamba. Kama ndoto zilianza baada ya dawa mpya, baada ya msiba, baada ya kujifungua au baada ya tukio la ukatili, sema hivyo, kwa sababu matibabu hutofautiana. Na kama umejaribu kuandika ndoto upya, beba daftari. Huna haja ya kumsomea, lakini tarehe zilizomo zitamwonesha kama zinapungua au la.